Jiwe Lililogoma Kuyeyuka

Shule nilisoma madarasa mawili, yakanitosha. Nyumba hii ya mawe nimeijenga kwa chokaa niliyoichoma mwenyewe hapa Bagamoyo, wala simshukuru mtu. Nasema hivi ili ijulikane kwamba moto naujua.

Miaka ya sitini ikielekea kwisha, nilioa Pangani. Mke wangu alikuja na jiwe la kioo, rangi ya asali, saizi ya kokwa ya embe. Baba yake alipewa na hujaji wa Misri walipokutana Makka, akaambiwa huokotwa jangwani, kilipoanguka kimondo. Kwetu kila mtoto anajua kimondo ni moto wanaotupiwa mashetani wanaodoea habari za mbinguni. Basi mke wangu akaliweka chini ya mto wa mwanetu, shetani asisogee.

“Kipande cha chupa hicho,” nilimwambia. “Wamempumbaza mzee.”

“Baba yangu si mjinga, bwana we. Wewe unachojua ni matumbawe tu.”

Neno lile lilinikaa rohoni. Siku ya kuwasha tanuru la chokaa nililichukua jiwe kimyakimya, nikalifukia katikati ya matumbawe pamoja na kitako cha chupa ya soda. Vikiyeyuka vyote viwili, nimeshinda.

Magogo ya mnazi yaliwaka siku mbili. Tanuru lilipopoa nikafukua. Kitako cha chupa kilikuwa kimelala bapa, kimegandia tumbawe kama ute wa yai. Jiwe la mke wangu halikupoteza hata ncha.

Kumbe mwenyewe amesimama nyuma yangu. Alikwishapekua nyumba nzima akilitafuta. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu.

“Haya, fundi. Ni chupa?”

Ilikuwa niseme neno moja. Nikasema, “Moto haukukolea.”

Alinitazama, akalichukua jiwe, akalifuta jivu kwa pembe ya kanga, akaondoka. Hakunionyesha tena jiwe lile. Miaka michache baadaye alikwenda kwao kumuuguza mama yake, homa ikamkuta hukohuko, tukamzika. Jiwe lilibaki kwa dada yake.

Nilikuja kupangisha chumba kwa mwalimu mmoja. Nilipomtajia jiwe lile, akanieleza kuwa kimondo kikubwa kikipiga jangwa, mchanga huyeyuka ukawa kioo, na kioo hicho moto wa magogo haukiwezi.

“Mke wangu aliniambia,” nikamjibu. “Alisema kweli, mimi nikambishia.”

Mwalimu ndiye mtu wa kwanza kunisikia nikikiri. Aliyestahili kusikia amelala Pangani, na mimi kila alfajiri nageukia upande wake wa kitanda, mdomo uko wazi.