Konokono wa Asumini Yangu

Kosa ni langu, na hasira hii najikasirikia mwenyewe. Msinitafutie sababu.

Nakaa Kayole, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga. Kazi ya reli niliimalizia Mombasa, na nikirudi nilibeba asumini kwenye debe, na udongo wake wa huko huko. Marehemu mke wangu aliipenda sana, alikuwa akiiongelesha kama mtu. Haya, hayo tuyaache.

Mvua ikanyesha, konokono wakajaa. Si wale wadogo tuliowazoea. Hawa ni wakubwa kama ngumi, nyumba yao imechongoka, ina michirizi ya kahawia kama imemwagikiwa chai. Wakazila mboga za kila mtu.

Jirani yangu Mama Nekesa, mjane wa kutoka Bungoma, alipanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya tangi la maji. Hiyo sukuma ndiyo iliyolisha watoto wake. Watu wakasema konokono wametoka kwenye samadi yake. Aliyepiga kelele kuwashinda wote? Mimi!

Tulipokaa kikao Mama Nekesa akanigeukia, taratibu tu. "Mzee, wewe si umekaa Mombasa? Hawa hujawaona huko?"

Nilikuwa nimewaona. Huko mvua ikinyesha wanapanda kuta.

"Sijawaona," nikasema. "Kwani mimi nilikuwa nachunga konokono?"

Watu wakacheka. Mshenzi mimi!

Msimamizi wa ploti akaamuru magunia yatiwe chumvi, konokono wafe. Na chumvi nilitoa mimi, ya jikoni kwangu! Sukuma ikanyauka yote, udongo ukaharibika. Mama Nekesa akafungasha, akahama na watoto. Hakuniaga.

Konokono je? Walibaki! Siku moja nikasogeza debe la asumini nifagie. Chini yake, pale penye kivuli na majimaji, wamelala wamebanana, na mayai yao kama punje za mahindi. Kwangu! Siku zote walikuwa kwangu!

Juzi nilimwona sokoni, Mama Nekesa, ananunua sukuma ya watu. Nikamwita. Akaendelea kuchagua majani.

Wewe unayebeba mche kutoka mbali, chakura udongo wake kwanza. Na ukiulizwa mbele ya watu jambo unalolijua, lijibu, hata kama litakuaibisha. Konokono nawaokota kila asubuhi, natia ndooni. Lile "sijawaona" ndilo nililoshindwa kuokota.