Mapigo ya Mzee Tak

Tak Yeon-ju ni binti wa mpiga ngoma wetu hapa Gurye, na ukaidi wake sijui kautoa wapi. Baba yake, mzee Pil-gu, alipopooza upande mmoja, binti aliapa kuyaandika mapigo yake yote kabla hayajapotea. Alitumia ile programu ya kompyuta ambayo huchori chochote kwa mkono: unaandika herufi na namba, yenyewe inazigeuza noti. Amri moja tu pale juu ilitosha kuzifunga noti za wimbo mzima kwa ule mstari mnene unaounganisha vikia vya noti, fungu kwa fungu: tatu, mbili, tatu, mbili. Mpigaji hutia mkazo pale fungu linapoanza.

Katikati ya wimbo, kwenye kanda aliyojirekodi mzee, mbili ndiyo iliyotangulia. Yeon-ju akaiwekea sehemu hiyo amri yake ya pekee, kisha akaifuta, tatu ikarudi kutangulia.

Siku ya mazoezi nilipoiona karatasi nilipandwa na hasira.

"We Yeon-ju, hapa si baba'ako huwa anageuza? Mbili ndiyo inaanza!"

"Shangazi, kanda hiyo alirekodi akiwa mgonjwa. Mkono ulimponyoka."

"Ulimponyoka! Kageuza hivyo tangu hujazaliwa, na mimi nikiwa pembeni yake na zeze langu."

"Haya, tupige kwanza. Utanigombeza baadaye, si kawaida yako?"

Tukapiga kama karatasi ilivyosema. Mzee alikuwa kitini, akijipigia pajani kwa mkono uliobaki. Tulipofika pale akaanza na mbili, kama siku zote. Akasita. Akatutazama, akaitazama karatasi, kisha akaanza upya na tatu, polepole, akitufuata sisi.

Yeon-ju aliona. Uso ulimsawijika.

"Baba, acha! Uko sawa wewe. Nimekosea mimi."

"Nilisahau, mwanangu," mzee akasema kwa ulimi mzito. "Afadhali umeandika."

Nilitamani kumzaba kibao yule binti, na papo hapo nilimwonea uchungu. Jioni aliirudisha ile amri, akachapa kurasa mpya, akamwekea baba yake mapajani. Nilikuwepo, nimewapelekea supu ya konokono wa mtoni. Nikamwapia mzee kwamba hivyo ndivyo alivyopiga maisha yake yote. Alizipitia kurasa kwa kidole, akazisukuma kando.

"Msinionee huruma," akasema. "Nileteeni ile ya kweli, ya mazoezini, nijifunze."