Safari ya Uholanzi kwa Jina la Rebeka

Mwaka 1995 daftari la Selina Shimba lilikuwa na jiografia kurasa za mbele, na Uholanzi kurasa za nyuma. Hizo za nyuma ndizo zilizochakaa. Aliandika humo kila atakachofanya mwezi wa kumi. Siku ya kwanza, kufika na kulala katika nyumba ya mbao iliyomo ndani ya bustani yenyewe ya mabembea. Siku ya pili, gurudumu kubwa linalopandisha watu mawinguni, kisha mashua inayoporomoka majini, kisha, moyo ukikubali, ile treni inayobiringisha watu kichwa chini miguu juu. Siku ya tatu aliiacha wazi, maana hakujua mtu aliyebiringishwa namna hiyo huamkaje kesho yake.

Mwaliko ulitoka kwa Anneke. Baba yake Anneke alikuwa Mholanzi anayenunua minofu ya sangara kwenye kiwanda alichofanya kazi Mzee Shimba, baba yake Selina. Viwanda vya namna hiyo vilikuwa vikiota ufukweni kama uyoga siku hizo. Mholanzi alikuja siku moja nyumbani kwao Mkolani, akala ugali, akapiga picha, na tangu hapo mabinti wakaanza kuandikiana. Sasa familia ile ilitaka Selina aende. Kwao, Anneke aliandika, mwezi wa kumi majani ya miti hugeuka mekundu na kuanguka yote, shule hufungwa wiki nzima, nao huenda kwenye bustani hiyo. Tiketi ni juu yao.

Mama akaanza kufuma sweta. Baba akaleta koti zito la mitumba kutoka soko la Mlango Mmoja, Selina akalijaribu saa saba mchana, jasho likamtoka mpaka kwenye kope.

"Mzungu wetu," jirani akamwambia kupitia uani, "baridi ya huko itakukuta umeshaiva."

Walicheka wote. Kisha ikaja barua ya mwisho ya Anneke: baba anakata tiketi, niandikie jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, Rebeka.

Rebeka. Hapo ndipo kicheko kilipokwisha.

Mwaka 1991 Selina alifeli darasa la saba. Kurudia hakukuruhusiwa, lakini watu walikuwa na njia yao. Mtoto alipelekwa shule ya mbali, akatafutiwa jina la mwanafunzi aliyeacha masomo, akakalia nafasi yake, akaanza upya. Selina alipelekwa kwa bibi yake, ng'ambo ya ziwa, huko Busisi. Mwalimu mmoja akasema yupo msichana wa darasa la sita, Rebeka Mayala, hayupo tena shuleni. Basi Selina akawa Rebeka. Akafaulu kama Rebeka, akaingia sekondari mjini kama Rebeka. Barua za Anneke zilipitia sanduku la shule, kwa hiyo na huko ng'ambo ya bahari alikuwa Rebeka. Nyumbani tu ndiko alikobaki Selina.

Kwenye ofisi ya pasipoti waliambiwa walete kadi ya ubatizo na barua ya shule, na majina yawe yale yale.

"Twende na kadi yangu mwenyewe," Selina alimwambia baba yake walipotoka.

"Na shule wakiulizwa Selina Shimba ni nani, watajibu nini? Utafukuzwa, na yule mwalimu atapoteza kazi." Mzee Shimba aliangalia viatu vyake. "Kadi ya Rebeka mwenyewe ipo. Mayala ninamfahamu. Tutamwomba binti yake."

Jumamosi wakaenda Kigongo, wakavuka kwa kivuko hadi Busisi. Hawakuhangaika kumtafuta Rebeka. Alikuwa hapo karibu na gati, anakaanga samaki, mtoto mgongoni, rika lake Selina au mdogo kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Shimba, rafiki wa mzee wako. Huyu ni binti yangu."

Rebeka akamtazama Selina, akatabasamu kama mtu anayeonyeshwa picha yake mwenyewe.

"Huyu ndiye mimi?"

Selina alitamani kivuko kirudi kimchukue wakati ule ule. Baba akaeleza, kwa maneno mengi na kwa kukohoa sana. Rebeka aligeuza samaki wake mmoja mmoja huku akisikiliza.

"Kwa hiyo mimi niko kidato cha pili," akasema.

"Ndiyo," Selina akajibu.

"Na hesabu nazipata?"

"Sitini na mbili."

"Siyo mbaya. Nilikuwa napata zaidi."

Mzee Shimba akacheka kwa nguvu kupita kiasi, akatoa mfukoni kabrasha la picha za bustani ambalo Anneke alilituma na barua. Rebeka akafuta mafuta kwenye kanga, kiganja kwa kiganja, kabla ya kulipokea.

"Hii treni inapindua watu?"

"Inapindua."

"Na wanalipia?"

"Wanalipia," Selina akasema, na safari hii wote wawili wakacheka kweli, na hicho kicheko ndicho kilichomuuma zaidi baadaye.

"Basi dada, ukifika unipigie picha nikiwa humo," Rebeka akasema. "Nimwonyeshe mama mkwe. Anasema sijafika popote."

Mzee Shimba akaona mambo yamekuwa mepesi, akaongeza la kushukuru. "Mungu akubariki. Sisi tulisema, maadamu mtoto wa Mayala ameamua kuacha shule mwenyewe, si vibaya jina lake limsaidie mwenzake."

Rebeka akainua uso.

"Nani aliamua? Nilivunjika mguu, baba. Nililazwa miezi minne. Nilirudi shule na fimbo, mwalimu akanikuta mlangoni, akaniambia Rebeka yupo, amekaa darasani, wewe rudi nyumbani." Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayeeleza bei. Kisha akamgeukia Selina. "Nilichungulia dirishani. Ulikuwa unaandika. Hukuinua kichwa."

Selina hakukumbuka siku hiyo. Alijaribu kuikumbuka, angalau kivuli dirishani, akakosa. Ilikuwa siku ya kawaida tu kwake, labda hata alifurahi siku hiyo.

Rebeka akaingia kibandani, akatoka na kadi ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne.

"Chukueni. Mimi inanisaidia nini? Samaki hawaniulizi jina."

Mzee Shimba akanyoosha mkono.

"Baba, tusichukue," Selina akasema.

"Usinitie aibu mbele ya watu."

"Tusichukue, baba. Naomba."

Akaushika mkono wa Rebeka wenye kadi, akaurudisha taratibu kifuani kwa mwenyewe. Alitaka kumwambia nisamehe, lakini neno lilikuwa dogo mno kwa kitu kilichochukuliwa. Akasema tu, "Ikae kwako." Samaki walikuwa wanaungua, Rebeka akarudi kuwatoa.

Kwenye kivuko baba yake alisimama upande wa pili, nyuma ya lori la pamba.

Barua kwa Anneke aliianza mara tatu. Ya kwanza ilisema kweli yote, akaichana. Ya pili ilisema kweli nusu. Ya tatu ilisema shule haikumruhusu, amsamehe, na amsalimie baba yake. Chini akaandika Rebeka, kwa sababu Anneke hakumjua Selina, na tena angeanza vipi kumjulisha.

Jumatatu mwalimu wa darasa alifungua kitabu cha mahudhurio. Selina alijua jina lake liko la ngapi, akayahesabu yaliyotangulia. Angeweza kunyamaza. Safari ameshaiacha, hilo lilikuwa jepesi kuliko alivyofikiri. Hili jingine, la kuliacha jina, lilikuwa na mitihani, na mama, na miaka yake yote mitatu iliyopita.

"Rebeka Mayala."

Akainamisha uso.

"Rebeka Mayala, hayupo?"

"Nipo, mwalimu," akasema, na mwalimu akaweka alama.