Neti ya Masale

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikifika katikati sitaki kusikia mtu anaguna. Aibu hii niliikata mwenyewe kwa kisu changu cha mfukoni, mchana kweupe, siku niliyokwenda Uru, mlimani kwa Wachagga, kujitambulisha ukweni, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto.

Mimi ni mtu wa Tabora, enzi hizo fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule tambarare, na Konsolata nilikutana naye kwenye foleni ya sabuni mjini Moshi (miaka ile usipopata mchumba kwenye foleni ujue huna bahati, maana tulishinda humo). Baba yake, Mzee Aloisi, alishasema binti yake haendi kwa mtu wa kuja, ila Konsolata alilia wiki nzima, mpaka baba akakubali kuniona mara moja tu. Akinipenda, posa inaanza. Asiponipenda, nisionekane tena njia ya Uru.

Sasa mimi badala ya kubeba kilo zangu mbili za sukari, ambazo wakati ule zilitosha kumlainisha yeyote, nikaona niende na ile tenisi yangu. Mhandisi mmoja mgeni aliniachia alipomaliza mkataba: ubao wa kijani wa kuweka mezani, neti katikati, na kila upande kijitu cha bati kimeshika raketi, kimesimama kwenye kichuma; unasukuma kichuma kushoto na kulia kuufuata mpira, ukikizungusha, kijitu kinapiga. Kipira chenyewe hakizidi buni. Kiwandani hakuna aliyenifunga, nami nikadhani hata mkwe atanipenda kwa hilo.

"Yohana, ukweni hawaendi na midoli," alinionya mshenga wangu Hamisi, fundi cherehani wa Majengo. Nikamwambia ana wivu.

Tukapanda kwa miguu, mvua ikatunyeshea, na tulipofika Mzee alikuwa hajarudi kutoka kanisani. Tukapokelewa na mama mkwe na mdogo wake Mzee, ambaye ndiye alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu mcheshi ambaye kata ya mbege, ile pombe ya ndizi, haimtoki mkononi. Balozi akaliona boksi la tenisi.

"Ndugu, umetuletea nini humo?"

Nikafungua kwa madaha, kumbe neti, iliyokuwa ya karatasi, imelowa imekuwa uji. Mtu mwenye akili angefunga boksi akanywa mbege yake kwa adabu. Mimi nikasema subirini kidogo, nikazunguka nyuma ya nyumba, na pale penye migomba nikaona majani marefu, ya kijani, yamepandwa kwa mpangilio mzuri, hapana msalaba wala jiwe, majani tu. Nikakata matatu. Nikarudi nikayapitisha katikati ya ubao, nikafunga fundo kila ncha kwenye vijiti viwili vilivyokuwa vimeshika neti, nikaona kazi ya fundi hiyo.

Tukacheza. Balozi alikuwa anapiga kelele kama yuko uwanjani, mkono mmoja kwenye kichuma, mwingine kwenye kata, Hamisi anahesabu, mama mkwe anacheka jikoni. Hakuna aliyeitazama neti. Macho yote yalikuwa kwenye kipira. Nikasema moyoni, Yohana, umeshaoa.

Mzee Aloisi akaingia, koti la kanisani bado mwilini. Nikasema shikamoo. Alikuwa anaangalia neti.

"Hayo umeyakata wapi?"

"Hapo nyuma, Mzee, penye migomba."

Konsolata, aliyekuwa amemfuata mlangoni, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hapo," Mzee akasema polepole, "amelala baba yangu."

Jamani! Nikaruka, kiwiko kikagonga kichuma, kijitu kikazunguka, kikapiga mpira ambao sikuwahi kuupiga maishani mwangu, ukapaa juu ya neti ya marehemu ukatua ndani ya kata ya Balozi, chubwi, mbege ikamrukia usoni. Hakucheka mtu. Balozi mwenyewe alikodoa macho tu, mbege inamtiririka kidevuni.

Akili ikaniambia neno moja: rudisha. Nikayang'oa yale majani mezani na mafundo yake, nikajikuta nimepiga magoti, nikampa Mzee kwa mikono miwili.

"Yesu na Maria!" mama mkwe akasema.

Mzee akayatazama mafundo, akanitazama, akayapokea.

"Nani amekufundisha haya?"

Hamisi akanifinya mgongoni nisiseme kitu. Lakini nilikuwa nimeshachoka na ujanja wangu wa siku ile.

"Hakuna, Mzee. Nilikuwa nakurudishia majani yako."

Hapo ndipo Balozi alipozinduka. Akanieleza, huku anajifuta, kwamba jani hilo ni isale, yakiwa mengi masale, ndilo linalopandwa makaburini, kwamba Mchagga akikosa sana hufunga isale fundo akampelekea aliyemkosea, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe, hata awe ameuliwa ng'ombe wote. Kisha akamgeukia kaka yake: "Lakini huyu hakujua! Ametoa kama anatoa majani ya mbuzi. Hii haihesabiki!"

Nikamwona Konsolata ameegemea mlango, machozi yanamlengalenga, nikajua njia ya Uru imefungwa.

Mzee Aloisi alikaa. Akayaweka masale mapajani, akayanyoosha moja moja.

"Yeye hakujua anachotoa," akamwambia mdogo wake. "Mimi nilijua ninachopokea."

Nililia, sioni haya kusema, nililia mbele ya wakwe na mshenga. Mzee akaniamuru nikapande masale mengine pale nilipokata, nikapanda nimepiga magoti kwenye tope na suruali yangu ya posa, yeye amesimama nyuma yangu akimweleza marehemu kwa Kichagga mimi ni nani. Mpaka leo sijui alimwambia nini. Konsolata anajua, ila kila nikimuuliza anacheka tu.

Tenisi ilibaki Uru. Hamisi aliishonea neti ya kitambaa, nami tangu siku hiyo sikati jani la mtu, hata la mchicha, mpaka niulize amelala nani.