Shuka Katika Mifuko ya Hoteli

Mwanangu, mimi si mtu wa kushangazwa na jambo. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kufua kanzu za watu kwa ndoo pale Ukunda, na leo duka langu la udobi lina mashine nne ambazo hakuna aliyenisaidia kununua hata boliti moja. Mameneja wa hoteli za Diani ndio waliokuwa wakinipigia simu, si mimi niwapigie. Kwa hiyo korona ilipoingia nilisema itapita na itanikuta nimesimama. Kweli ilinikuta nimesimama. Aliyelala ni mwingine.

Siku zile hoteli zilikuwa zimefungwa, ndege haziji, misikiti imetiwa kufuli, na kafyu ikianza hata mbwa walikuwa wakiulizana kulikoni. Mashine zangu zilikaa majuma matatu bila kuzunguka. Ndipo serikali ilipofungua kituo cha karantini katika mabweni ya shule moja, ikatafuta mtu wa kufua shuka za wagonjwa. Kazi nikaipata mimi, bila kumjua mtu.

Afisa wa afya, mama mmoja mpole, alinisomea mkataba mstari kwa mstari, maana kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Wafuaji wavae glavu ndefu, buti, aproni na barakoa, na fedha za kununulia vitu hivyo zimo ndani ya malipo.

"Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa, daktari."

Nikatia sahihi. Fedha za glavu nikatengenezea mota ya mashine.

Tena nilijua wafuaji wangu wakisikia neno karantini watakimbia. Nilikuwa na mifuko ya zamani ya hoteli, ya kijani, yenye picha ya mnazi. Kila asubuhi, kabla hawajafika, nilihamishia shuka za wagonjwa ndani ya mifuko ile. Mwanangu, sikufichi: nilizihamisha nikiwa nimevaa glavu. Nilijinunulia jozi moja.

Shuka zenye madoa zilifuliwa kwanza kwa mkono, na mwenye mkono huo alikuwa Bi Mwanamisi, mtu wa Msambweni, umri wa mamangu mdogo. Ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike kijijini kwao. Akiitwa msibani aliacha ndoo zangu akaenda, na mimi nilinung'unika, lakini sikuwahi kumkata malipo ya siku.

"Shikamoo, Bi Mwanamisi."

"Marahaba, tajiri. Hebu niambie, hoteli zimefungwa. Shuka hizi zalaliwa na nani?"

"Na majini."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Basi majini wako wana homa, maskini. Wanatapika."

Nami nikacheka. Akainama akaendelea kufua, mikono mitupu.

Siku ya tisa hakuja. Siku ya kumi na mbili alichukuliwa na gari la wagonjwa, na hakurudi. Wafuaji wengine walipimwa, Mungu akawanusuru.

Alizikwa saa hiyohiyo alipotolewa hospitali. Wanaume sita waliovaa ovaroli nyeupe, miwani na buti walimteremsha akiwa ndani ya mfuko wa plastiki, wakanyunyiza dawa, wakaondoka. Hakuoshwa. Wanawake ambao mama zao aliwaosha yeye walisimamishwa mbali, nyuma ya kamba, na polisi. Nami nilisimama pale nikihesabu: sita, wamejifunika hadi kucha. Ovaroli moja tu ingemtosha alipokuwa hai.

Kesho yake yule mama wa afya alikuja dobini kuulizia alikoambukizwa. Riziki, bintiye marehemu, alikuwepo kuchukua kanga za mamake. Afisa akaitambua shuka ya kituo ikichungulia kwenye mfuko wa mnazi.

"Baba, mbona hizi zimo humu? Na glavu tulizokulipia ziko wapi?"

Nikageukia ile mashine niliyoitengenezea mota. Riziki alinitazama, akakunja kanga, akatoka.

Nilikwenda Msambweni na bahasha nene. Riziki hakunikaribisha ndani wala hakunitukana. Alitoa sandukuni bafta nyeupe iliyokunjwa pamoja na karafuu maiti, sanda ambayo mamake alijinunulia zamani, na ambayo hakuvishwa. Akafungua bahasha, akahesabu bei ambayo mamake aliilipa dukani, akanirudishia zilizobaki.

"Sasa umeinunua," akasema. "Ichukue, ni yako."

Mwanangu, ukija kuwa na watu chini yako, na serikali ikakupa kinga yao mkononi, hiyo ni amana. Usiigeuze mota. Na mtu mwambie anachokishika. Akikimbia, akimbie, utafua mwenyewe. Usingoje mkaguzi, maana serikali yetu huja na ovaroli siku ya kaburi. Mungu akupe riziki isiyokuwa na jasho la mtu uliyemdanganya, na akupe mwisho wa kuoshwa na wanaokupenda.

Sanda ile iko kabatini mwangu. Nimewausia wanangu wanivishe hiyohiyo, wasininunulie nyingine. Mashine zote nne, jina lote hili, na kitu ghali kuliko vyote nilivyonavyo nilikipata kwa shilingi elfu moja mia nane na hamsini.