Mpambe na Hoja ya Mwalimu Nyawira

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu nyeupe na kuonywa nisimguse mtu nazo. Aliyenipa alikuwa Karani wa Mji, bwana mrefu, mkavu, ambaye katika mabaraza ya siku zile ndiye aliyeendesha mambo yote huku Meya akivaa mkufu. Nilikuwa nimeajiriwa Nanyuki niwe tarishi, lakini mbeba siwa aliamka akiumwa tumbo, na koti lake lilinitosha. Siwa ni lile gongo la heshima la mbao na shaba linalomtangulia mkuu wa kikao. Likiwa mezani, kikao ni halali. Likiondolewa, waliobaki ni watu tu wanaopiga gumzo.

"Kijana," Karani aliniambia, "ukiangusha hiyo kitu, usiiname kuiokota. Tembea mpaka nje, na usirudi."

Sikuiangusha. Ila nilitembea kwa kasi ya mtu anayekimbilia mvua, nikamwacha Meya nyuma kabisa, nikaingia ukumbini peke yangu. Madiwani wote wakasimama kunipokea. Nami, sijui nilikuwa nafikiria nini, nikawainamia na kuwaashiria wakae. Walikaa. Meya alipofika mlangoni alikuta kikao kimetulia.

Karani hakunifukuza. Alinifundisha kutembea. Kila jioni kwa wiki mbili tulipanda na kushuka ukumbi mtupu, yeye akihesabu hatua, mimi nikiwa nimeweka begani mpini wa jembe badala ya siwa. Aliniambia kwamba mtu akitembea polepole vya kutosha, watu humaliza ugomvi wao kabla hajafika. Nilidhani ni mzaha wa mzee. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Ugatuzi ulipokuja, mabaraza ya miji yakavunjwa, nami nikahamishwa Nyeri kuwa mpambe wa bunge la kaunti. Vijana wengi huita cheo hicho sajenti. Mpambe hubeba siwa, hulinda milango, hutunza amani kwenye roshani wanakokaa wageni, na Spika akiamuru mheshimiwa atolewe nje, mpambe ndiye humtoa. Hapa nawapa siri ya bure nyinyi mnaoanza: usimshike. Nenda usimame kando yake, mikono nyuma, kimya, umtazame kama unayesubiri chai ichemke. Aibu itamwinua. Kwa miaka yangu yote sikumshika mheshimiwa hata mmoja, na nimewatoa wanaume wenye vifua vya mafahali.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hoja za heshima. Mheshimiwa huleta hoja kwamba bunge limpongeze fulani aliyetumikia watu: muuguzi, fundi wa maji, askari, na mara nyingi zaidi mwalimu. Mimi nilimwandikia mgeni barua, nikampigia simu, nikamwekea kiti cha mbele katika roshani ya Spika na karatasi yenye jina lake. Jina likitajwa, mgeni husimama, huinama, huketi. Hasemi neno, kwa maana ukumbini husema waliochaguliwa peke yao. Wazee niliowaona wakilia katika kiti hicho ni wengi. Hata mimi nilikuwa naangalia dari.

Sasa kosa langu. Ilipofika zamu ya Mwalimu Nyawira wa Chaka, aliyestaafu baada ya kufundisha darasa la kwanza maisha yake yote, nilimpigia simu. Ikapokelewa na bintiye, Wangechi.

"Mwalimu yuko sawa?" nikauliza.

"Tuko tu sawa," akajibu.

Mimi ni mtu wa huku mlimani. Najua kwamba sisi, nyumba ikiwaka moto na simu ya mgeni ipigwe, tutasema tuko tu sawa. Shida haimwagwi kwa simu kwa mtu usiyemjua. Ni lazima uulize mara ya pili, ukimya upite, uulize ya tatu, ndipo ukweli uanze kutoka. Lakini siku hiyo nilikuwa nashughulika na kung'arisha siwa, nikasema asante, nikakata.

Jumanne ilipofika, mwakilishi wa wadi yao alisimama kusoma hoja. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu zamani, mama wa makamo mwenye sauti ya kanisani. Alisoma vizuri. Mwisho akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba Mwalimu asimame tumwone."

Kiti kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimekitazama nusu saa nzima nikijiambia anakuja.

Mheshimiwa mmoja wa nyuma akainuka. "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika. Sheria inaturuhusu kupongeza kiti?"

Bunge lilicheka mpaka meza zikapigwa. Spika hakucheka. Aliniita mbele. "Mpambe, mgeni wako yuko wapi?" Sikujua. Akaamua hoja isimamishwe hadi Alhamisi, kikao cha mwisho kabla ya mapumziko marefu. Mgeni asipopatikana, hoja ianguke.

Mchana huo huo nilikwenda Chaka. Wangechi alinikaribisha chai, akaniuliza habari za barabara. Nilingoja. Nilipouliza mara ya tatu, akaweka kikombe chini.

"Mama yuko hospitali. Alikuwa na homa ya mapafu. Lakini alipona, daktari alimwandikia aende nyumbani Ijumaa."

"Na leo ni Jumanne."

"Bima haijathibitisha. Bila hiyo, hawawezi kumtoa."

Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu nilipofika niliona haikuwa na furaha zaidi yetu sisi. Mwalimu Nyawira alikuwa ameketi kitandani, amevaa kofia ya sufu na koti, viatu miguuni, kamba zimefungwa.

"Kila asubuhi navaa," aliniambia. "Jioni navua. Wewe ni wa bima?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi ni wa bunge. Naitwa Kariuki."

"Ah." Aliinamisha macho. "Nilifikiri umekuja kunitoa."

Nilimpa nakala ya hoja apitie, nikidhani itamchangamsha. Akatoa kalamu nyekundu mkobani. Mahali palipoandikwa kwamba alifundisha bila kuchoka, alipiga mstari, akaandika pembeni: Si kweli. Nilichoka sana. Kisha akanirudishia.

"Hii ingine ni sawa. Lakini Kariuki, sifa nitazifanyia nini hapa? Mimi nataka nyumba yangu. Nataka kuamka niende kwa choo yangu, nikoroge uji yangu. Nimefunza watoto wa watu, sasa nimewekwa ndani kama mtoto amekosa." Machozi yalimtoka, akayafuta upesi, akaangalia kama wenzake wameona.

Nilikasirika vile sikuwa nimekasirika kwa miaka. Nilimfuata muuguzi msimamizi wa wodi, tayari kugombana. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye faili zilizomfika kidevuni.

"Mzee, unafikiri sisi tunapenda?" akasema. "Mfumo ni hivi: mgonjwa akitoka kabla bima ithibitishe, hospitali haitalipwa hata kidogo. Tukikosa hiyo, dawa zinaisha. Angalia hii wodi. Wameandikiwa kwenda kumi na mmoja. Na kule chini kuna wengine wanalala wawili kwa kitanda moja, wakingoja hawa watoke."

Hasira ikakosa pa kutua. Nikamweleza habari ya Alhamisi. Akafikiri, akaenda kwa mganga mkuu, akarudi na ruhusa ya muda wa saa tatu. Mwalimu aende bungeni akiwa na muuguzi, kisha arudi kitandani.

Alhamisi akaja. Nilimwandalia kiti mwenyewe. Muuguzi kijana akaketi kando yake akiwa na sare, na mkononi mwa Mwalimu mlikuwa bado na ile bangili ya plastiki ya wagonjwa. Wanawake wa Chaka walijaza roshani ya umma. Jina lilipotajwa, Mwalimu akasimama, akainama, na wale mama wakapiga vigelegele, jambo lililokatazwa kabisa. Spika akanitazama. Nikaanza kwenda kuwanyamazisha, kwa mwendo wa Nanyuki. Nilipofika walikuwa wamemaliza na wanapanga leso zao.

Hoja ikapita. Spika, akitaka kufunga vizuri, akasema, "Mpambe, hakikisha mgeni wetu amefikishwa kwake salama."

Mpambe haruhusiwi kuzungumza ukumbini ila kuitikia. Nilipaswa kuinama tu. Lakini niliona vile viatu vimefungwa kamba, midomo ikafunguka yenyewe.

"Mheshimiwa Spika, siwezi. Nimeagizwa nimrudishe wodini. Amepona tangu wiki iliyopita, lakini karatasi za bima hazijapona."

Nikaona jambo ambalo Mkenya yeyote angelitarajia: waheshimiwa wakaanza kuingiza mikono mifukoni. Mmoja alivua kofia, akaanza kuizungusha. Yule wa hoja ya nidhamu alikuwa wa kwanza kutumbukiza noti, na nadhani alikuwa anajutia mzaha wake. Sisi tukikutana na ukuta hatuuvunji, tunachangia ngazi. Nami, nasema kweli, nilifurahi, nilikuwa nimeshika pochi yangu tayari.

"Wekeni hiyo pesa," ikasema sauti kutoka roshani.

Mwalimu Nyawira hakuwa ameketi. Spika akanigeukia, naye alikuwa na haki: mgeni anasema, mpambe amnyamazishe. Nikaanza safari. Sijawahi kutembea polepole namna ile. Zile ngazi za roshani nilizipanda kama mtu anayehesabu mbegu.

"Ati mnanichangia mimi," alikuwa anasema, kwa sauti ile ile ya kufundisha a, e, i, o, u. "Asanteni. Lakini kwa wodi tuko kumi na mmoja. Mtachangia wote? Na wa wiki ijayo? Kuchanga hata mimi naweza, na nimechanga sana. Kuandika sheria siwezi. Hiyo mliomba wenyewe, tukawapa. Mtu akipona, aende kwake siku hiyo. Hospitali na bima wabaki wakiulizana. Hiyo ni ngumu?"

Hapo ndipo nilipofika. Nikasimama kando yake, mikono nyuma, nikamtazama kama anayesubiri chai. Alinitazama pia. Haikufanya kazi hata kidogo. Aliketi alipomaliza, kwa wakati wake.

Kofia ilirudi kichwani kwa mwenyewe. Mwanafunzi wake wa zamani akainuka, machozi waziwazi, akaomba ruhusa ya bunge kuleta hoja mpya bila notisi, akaungwa mkono na yule wa hoja ya nidhamu. Hoja ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kuhimiza serikali kuu ibadili namna hospitali zinavyolipwa na bima. Bunge la kaunti haliwezi kuamuru Nairobi, kwa hiyo "kuhimiza" ndilo neno letu. Pili, hospitali zilizo chini ya kaunti yenyewe ziandikiwe utaratibu: aliyepona aende nyumbani siku hiyo hiyo. Walijadili mpaka nikaanza kutazama saa kwa ajili ya ruhusa ya Mwalimu. Ikapita kwa sauti moja.

Baadaye mwandishi wa kumbukumbu rasmi alimwuliza Spika kama maneno ya mgeni yaandikwe. Spika akavua miwani. "Mimi sikusikia mgeni akizungumza," akasema. "Nilisikia Mpambe akitembea."

Nilimrudisha wodini kama nilivyoagizwa. Wagonjwa walimngoja wakiwa wamekaa vitandani, na badala ya kuvua viatu alisimama katikati akawaeleza hoja yote, sehemu ya kwanza na ya pili, akiuliza kila mara kama wameelewa. Bima ilithibitisha wiki iliyofuata, akaenda nyumbani. Alinipigia simu kuniambia uji ulimwungulia siku ya kwanza, na kwamba aliunywa wote.

Barua yetu kwa Nairobi ilijibiwa kwa adabu sana: imepokelewa. Ile sehemu ya pili ikaenda kwenye kamati, ikatoka, ikarudi, na mimi nikastaafu kabla sijasikia mwisho wake. Nilipokea saa ya ukutani, nikahamia mtaa wa Skuta, nikaanza kuwasumbua kuku. Vijana huniuliza kama miaka ile yote ya kubeba gongo ilikuwa na faida gani. Huwa nawajibu kwamba sikuwahi kuliangusha, kisha nabadilisha mazungumzo, maana hata mimi sikuwa na hakika.

Mwaka jana nikalazwa hospitali ya kaunti kwa ajili ya ngiri. Siku ya nne, asubuhi, daktari akaniandikia niende nyumbani. Nikavaa, nikafunga kamba, nikaketi kitandani. Mke wangu alikuwa ameniletea nguo za wiki nzima, tukijua mambo yalivyo. Muuguzi, msichana mdogo, alipita na shuka safi mikononi, akasimama, akaniita babu kwa lugha yetu.

"Guka, si ushaandikiwa kwenda home? Unangoja nini?"

"Bima," nikasema.

"Hiyo ni story yetu na wao. Wewe enda. Nataka kutandika."

Nilitoka nje na begi langu, saa nne ya asubuhi, jua limewaka, nikiwa sijui nielekee wapi kama ng'ombe aliyefunguliwa. Kabla sijampigia mke wangu nikampigia Mwalimu Nyawira, nikamsimulia.

"Kariuki," akasema, "wamekutoa kwa sababu ulikuwa mtu wa bunge, ama ni wote?"

Sikuwa nimeuliza. Nikamwambia angoje, nikarudi ndani nikiwa nimeshika simu. Wodini yule msichana alikuwa amekwisha kutandika kitanda changu na mtu alikuwa analazwa juu yake. Katika kitanda kilichofuata, mzee mmoja wa Kieni, jirani yangu wa siku zile nne, ambaye hakuwahi kujuana na mkubwa yeyote alikuwa anasaidiwa na mwanawe kuvaa koti.

"Ni wote, Mwalimu," nikasema.

Nilimsikia akivuta pumzi, akaiachilia polepole.

"Haya," akasema. "Sasa enda nyumbani."