Mchaichai Dhidi ya Ng'ombe

Nyumbani kwetu, upande wa juu wa Bumbuli, ardhi tambarare ni kitu adimu. Kila mahali ni mteremko, hata kuku wetu hutembea kwa kuegemea upande mmoja. Kipande pekee kilicholala sawasawa kiko mlangoni mwa jiko, na mama amekijaza viungo: mchaichai, giligilani, mnanaa, tangawizi, na rozmari iliyonenepa hadi ikawa kichaka. Mwaka niliomaliza chuo, baba alikitaka kipande hicho ajenge banda la ng'ombe wa maziwa aliyepanga kumnunua.

"Ng'ombe halali mteremkoni," alisema.

"Na mimi chai isiyo na majani haya hainipiti kooni," mama akajibu.

Mimi nilikuwa upande wa ng'ombe. Chuoni nilizoea kuuliza ushahidi uko wapi, na mama hakuwa nao. Alisema tu kwamba kiungo kibichi kina ladha zaidi, kwamba anachuma kile anachohitaji na kingine kinaendelea kukua, kwamba mvua ikinyesha hana haja ya kuteleza hadi dukani kutafuta jani moja. Hilo la kuchuma nililikubali kimyakimya. Chuoni niliwahi kununua fungu la giligilani, nikatumia vijiti viwili, lililobaki likageuka uji ndani ya mfuko. Lakini ladha? Ladha inapimika.

Wiki hiyo ibada ya jumuiya ilikuwa zamu yetu. Majirani wangekuja kusali, kisha wangekunywa chai. Nikapendekeza jaribio: chupa mbili za chai, majani yaleyale, maziwa na sukari kiasi kilekile. Chupa nyekundu ingekuwa na mchaichai na tangawizi vya mlangoni, ya bluu ingekuwa na unga wa viungo wa paketi. Wageni wasingeambiwa. Wakiipenda nyekundu, bustani inabaki. Wasipoona tofauti, banda linajengwa. Wote wawili walikubali, mama haraka zaidi, na hapo ningepaswa kushtuka.

Chai niliipika mwenyewe ili mama asiipendelee moja. Baada ya sala ya mwisho nikampa kila mtu vikombe viwili, nikaanza na mzee wa kanisa.

"Shikamoo mzee. Ipi nzuri zaidi?"

"Marahaba. Zote nzuri, mwanangu. Mungu awabariki walioandaa."

Nikaenda kwa bibi jirani yetu.

"Chai ni chai," alisema. "Mbona unanihoji kama karani wa sensa?"

"Lakini bibi, huoni tofauti hata kidogo?"

"Naiona. Moja imetoka kwenye chupa nyekundu, nyingine kwenye ya bluu."

Mwalimu wa kwaya alionja tena vikombe vyote viwili. "Hii ya bluu ina upole," akasema. "Haimsumbui mtu."

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua: hakuna mgeni anayeponda kikombe cha mwenyeji wake. Nimekulia hapa, na bado nikatunga maswali kama mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye ndege.

Baba alikuwa ameshatoka mlangoni anapima bustani kwa hatua. "Hakuna tofauti," alitangaza. "Makubaliano ni makubaliano."

"Ngoja," mama alisema. "Watu hawajashiba. Weka chupa mezani wajiongezee wenyewe."

Niliziweka, ya bluu mbele, nyekundu nyuma yake. Watu wakaanza kuiruka ile ya bluu kwa mikono, kama vile ni kigingi tu, kuifikia nyekundu. Mzee wa kanisa alijiongezea nyekundu. Mwalimu wa kwaya, shabiki wa upole, naye nyekundu. Baba aliporudi ndani akajipanga nyuma yao. Mwishowe bibi aliitikisa. "Hii imekwisha. Hamkupika nyingine?"

Ya bluu ilikuwa bado nzito.

"Nyekundu ndiyo iliyokuwa karibu," baba alijitetea.

"Ya bluu ndiyo iliyokuwa karibu, baba. Niliiweka mwenyewe."

Aliniangalia kama nimemsaliti yeye na ng'ombe kwa pamoja.

Kwa kweli sikuridhika. Nikamwambia mama pengine watu wanapenda tu rangi nyekundu, turudie jaribio kwa kubadilisha chupa.

"Rudia," alisema. "Ila maziwa ya safari hii ukakamue kwa huyo ng'ombe wenu."

Tukatoka kuwasindikiza wageni, na hapo ushindi wake ukaanza kumponyoka. Bibi aliomba shina moja la mchaichai akapande kwake. Akina mama wengine nao wakaomba, na mama hawezi kumnyima mtu mche. Aling'oa, akagawa, akang'oa tena. Jirani wa mwisho alipoondoka, nusu ya bustani ilikuwa udongo mtupu. Baba alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Naona nafasi imepatikana," alisema.

"Weka mguu hapo uone."

Jioni ileile mama alinifundisha kuligawa shina la mchaichai: unalipasua kwa mkono, unapunguza majani, unaacha mizizi, unafukia. Kabla giza halijaingia tulikuwa tumeziba mapengo yote.

Jumatatu mimi na baba tulibeba majembe, tukapanda hadi juu ya shamba la migomba kukata mteremko ili ng'ombe apate pa kulala. Udongo ulikuwa mgumu. Nikamuuliza kama amehakikisha kwamba ng'ombe kweli hawezi kulala mahali palipoinama, au ni jambo ambalo watu hulisema tu.

"Chimba," alisema baba.

Nikachimba.